Ukurasa wa Kumi na Saba

Indiana, Amerika
11 Februari 1995

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji. Goti linaendeleaje? Usinidanganye kwamba limepona. Mimi ni mzima, ila baridi inauma masikio.

Nina habari. Wamenipa kazi ya kupanga makaratasi katika ofisi ya kumbukumbu ya mji huu, kama sehemu ya masomo yangu. Wiki jana lililetwa sanduku la bati lililopatikana kwenye dari ya nyumba iliyokuwa ikibomolewa. Ndani mna madaftari ya tawi la Ku Klux Klan la hapa, kuanzia 1923. Hao ndio wale wazungu waliovaa kanzu nyeupe na kuficha nyuso, wakiwatisha watu weusi, Wakatoliki na Wayahudi. Nilidhani nitasoma maneno ya majambazi. Baba, ni kumbukumbu za mikutano! Zimepangwa kama zako: sala ya kufungua, waliohudhuria, waliotuma udhuru. Ajenda ya kwanza, kinyozi mmoja mweusi aandikiwe barua ahame kabla ya Jumamosi. Ajenda ya pili, nani ataoka keki ya pikiniki. Na mwandiko ni mzuri ajabu.

Nisalimie fundi Momanyi ukifika Migori. Koti alilonishonea nikienda chuoni Nairobi ndilo ninalovaa ndani ya koti la huku.

Binti yako,
Awino


Rangwe
9 Machi 1995

Nyathina, mwanangu Awino,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa kalamu nyekundu. Makaratasi ni ya kufungia sukari. Hayo unayopanga wewe yanaitwa nyaraka. Mengine nimekusamehe kwa sababu ya baridi. Sisi hatujambo, mahindi yamechipuka, na goti langu si lako, liache.

Kuhusu hao watu wako, mambo yao ni mabaya. Lakini usimlaumu sana aliyeandika. Katibu ni sikio na mkono tu, haamui lolote. Hayo nakuambia mimi niliyezeekea kazi hiyo.

Momanyi nasikia biashara imemnyookea huko Migori. Ni mbali kwa sasa.

Ni mimi baba yako,
Katibu wa Shule, wa Kanisa, wa Soko na wa Mazishi Yote


Indiana
2 Aprili 1995

Baba mpendwa,

Natumai mvua haijawazidi. Mimi sijambo, na neno nyaraka nimelikariri.

Jana alikuja ofisini mama mmoja wa miaka sabini na minane, Bi. Edna. Baba yake ndiye aliyekuwa katibu wa lile tawi. Aliniomba nimng'olee ukurasa mmoja tu, ule wa kinyozi. "Babangu alinifundisha kuendesha baiskeli," akaniambia, "sitaki watu wamjue kwa hili." Nilimhurumia kwa kweli. Lakini nikamwambia, "Mama, baba yangu amekuwa katibu miaka thelathini, na hajawahi kung'oa hata ukurasa mmoja." Nilijivuna nikisema hivyo! Alikasirika, akatoka akasahau mwavuli wake.

Nilifanya sawa, baba? Niandikie upesi.

Binti yako,
Awino


Indiana
30 Juni 1995

Baba,

Hujambo kweli? Miezi mitatu sijaona hata bahasha. Ukiwa mgonjwa mwambie mtu yeyote aniandikie, hata kwa makosa, sitayasahihisha. Nina wasiwasi sana.

Awino wako


Rangwe
4 Agosti 1995

Awino, mama yangu,

Sijambo, mwili sijambo. Posta usiilaumu. Barua zako zote mbili zilifika.

Ulimwambia yule mama kwamba baba yako hajawahi kung'oa ukurasa. Nimewahi. Ni ukurasa wa kumi na saba wa daftari la kamati ya soko letu, Oktoba 1992.

Wewe ulikuwa Nairobi. Uchaguzi ulikuwa unakaribia na maneno yalikuwa mengi, kwamba Wakisii wamelijaza soko letu sisi Wajaluo. Kamati ikakaa mchana katika darasa langu, na sala ya kufungua niliiongoza mimi. Iliazimiwa kwamba fundi Momanyi, Mokaya wa viatu na Nyakerario wa ndizi waondoke kabla ya Jumamosi. Katibu aliagizwa awaandikie. Niliandika barua tatu kwa Kiswahili safi, nikazipeleka kwa mkono wangu. Momanyi alinivutia stuli akidhani nimemletea suruali ya kupunguza. Jumamosi ilipofika vijana walibomoa kibanda chake na cherehani wakaitupa mtaroni. Mimi sikuwepo. Nilihakikisha sipo.

Kwa hiyo, mwanangu, si biashara iliyompeleka Migori. Nilikudanganya.

Nilikuandikia kwamba katibu haamui. Huo nao ni uongo. Mkono wangu haukuinuka kukataa, na ulikuwa mkono uleule ulioshika kalamu. Naona aibu, Awino. Nimeona aibu miaka mitatu, lakini niliweza kuishi nayo mpaka uliponisifu.

Ukurasa niliung'oa wiki ileile ila kuuchoma nilishindwa. Uko katika bahasha ya vyeti vyangu. Ukiniambia niuchome, leo hii nitauchoma.

Baba yako


Indiana
27 Agosti 1995

Baba,

Sikuulizi hali leo. Mimi pia sikuwa na hali nzuri. Barua yako niliisoma nimesimama, nikalivua lile koti, maana chumba cha nyaraka hupozwa kwa mashine hata wakati wa joto, nikakaa siku tatu bila kuligusa. Nilikuchukia kidogo. Nakuambia kwa sababu na wewe umeniambia ukweli. Fundi Momanyi alinipima mabega akiimba, nakumbuka hata pini mdomoni mwake. Ungewezaje?

Sasa sikiliza. Bi. Edna alirudi kuchukua mwavuli wake. Aliomba kiti, akalisoma daftari lote la baba yake tangu asubuhi mpaka tulipofunga. Kisha akaomba karatasi, akaandika: "Mwandiko huu ni wa baba yangu. Nilimpenda. Aliyoyaandika yalitendeka, na kinyozi hakurudi tena." Akanisihi niiweke karatasi hiyo kando ya ule ukurasa, isitolewe kamwe. Aliniuliza kama ukoo wa yule kinyozi unajulikana uliko. Tumetafuta, hatujapata.

Yeye hana wa kumwendea, baba. Wewe unaye, tena yuko Migori, mwendo wa saa mbili. Usiuchome. Na goti lisiwe kisingizio.

Bado ni binti yako,
Awino


Rangwe
20 Novemba 1995

Awino, mama yangu,

Natumai baridi haijaanza kukuuma tena. Sisi tumeamka salama, na leo nasema hivyo kwa moyo mweupe.

Nilikwenda. Momanyi anashona kwenye veranda ya duka la mtu, kwa cherehani ya kuazima. Aliniona, akainamisha kichwa, akamalizia mshono wake wote kabla ya kuniangalia tena. Hakunipa stuli. Nikausoma ukurasa nikiwa nimesimama, wote, mpaka jina langu chini.

Nilipomaliza akaniuliza, "Mwalimu, hizi minutes chairman alisaini?"

Nikamwambia bado, kumbukumbu husainiwa mkutano unaofuata, baada ya kusomwa mbele ya wote.

"Na huo mkutano ulikuwa lini?"

"Haujakuwa. Tangu siku ile kamati haijakaa tena."

"Basi hiyo kazi bado. Mimi sitaki pole ya veranda. Wewe enda uite meeting, wale watu wote wasikie vile umenisomea. Nitakuja."

Nilirudi nikaubandika ukurasa mahali pake kwa uji wa unga, nikaandika matangazo, nikayapeleka nyumba kwa nyumba. Kuna walioniita msaliti. Stanley mwenyekiti aliniambia nimeanza kuzeeka kichwani. Siku ya mkutano, kati ya wanakamati tisa walikuja sita, na Stanley akiwemo, amekaa karibu na mlango. Momanyi aliingia na binti yake Nyarangi, msichana wa rika lako. Mokaya hatukumpata. Nyakerario alituma neno kwamba bado hawezi kuliona soko hilo, na neno lake limeandikwa lilivyo.

Nikasoma. Momanyi akasimama, akauliza, "Kuna mtu anasema hiyo si ukweli?" Kisha Rael muuza samaki akainuka akasema, "Ni ukweli. Mimi niliinua mkono, hata sikujua naogopa nini," akajifunika uso kwa leso. Mwishowe Stanley akaomba kalamu, akasaini bila kumtazama mtu. Hakusema pole. Labda ataisema siku moja, labda hataisema, ila sahihi yake iko pale.

Nilijiuzulu hapohapo. Wakaulizana nani ataandika ya siku hiyo, na Momanyi akasema, "Leo kalamu ikae kwetu." Nyarangi akaandika. Mwandiko wake ni kama kuku amepita! Katika mistari mitatu nilihesabu makosa manne, na jina langu kaliweka la mwisho kabisa kati ya waliohudhuria. Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni mwangu. Ilibaki humo humo.

Wakaazimia kumjengea kibanda. Akawaambia kibanda hajaomba, kwanza atakuja Jumamosi aone kama atasalimiwa.

Juzi Jumamosi alikuja. Nilikuwa sokoni tangu asubuhi, safari hii nilihakikisha nipo. Alisalimiwa na wengi, wengine walipitia upande wa pili. Rael alimpa stuli yake. Nilikaa naye chini. Nilipomwambia kwamba koti lako ungali unalivaa, na kwamba ulilivua siku tatu kwa ajili yake, aliniangalia kama anayenipima.

"Mikono bado inamfika?" akaniuliza.

Nikamjibu sijui.

"Mwandikie aniletee akikuja. Niliacha kitambaa ndani ya pindo, ya kuongeza. Nilijua huyo mtoto atakua."

Baba yako