Nilimshonea Mdogo Wangu Mikono Mirefu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza ujue unaongea na nani: mimi ndiye fundi cherehani niliyemshonea bwana harusi suti kwa kumsikia sauti tu kwenye simu, ikamkaa mpaka bibi harusi akalia, na shule niliacha darasa la saba si kwa kufukuzwa bali niliwahurumia walimu. Shida si yangu basi, ni ya mdogo wangu wa kike, kitindamimba wetu, miaka kumi na tano, ambaye tangu mwaka jana halali, hali, ukimsalimia anakujibu kama karani anayetaka kwenda kula. Daktari wa kituo cha afya alisema ni sonona, akampangia tarehe ya kurudi, Mama akasema, "Sonona ni ya watu wenye nafasi, sisi tuna foleni ya maji," na tarehe ikapita. Mama ni mpishi wa bweni, anarudi miguu imevimba, kwa hiyo simlaumu, ila namlaumu kidogo.

Wiki iliyopita mwalimu wake akaita mzazi, nikaenda mimi.

"Wewe ndiye mzazi?"

"Mzazi yuko jikoni, mwalimu, mimi ni mwakilishi wake."

Hakucheka. Akaniambia mtoto amekutwa chooni anajikata mkono, na makovu ni mengi, ya zamani na mapya. "Joto lote hili anavaa mikono mirefu, nyumbani hamkujiuliza?"

Tangu siku hiyo hakukaliki, mshauri. Mama amelia, amefoka, amemwapisha, sasa anamkagua mikono kila jioni kama askari wa getini, shangazi anasema mtoto anatafuta tu macho ya watu, na mimi nimemaliza vichekesho vyangu vyote, hata kile cha mteja aliyevaa suruali nyuma mbele akanidai mimi nimekosea, lakini mtoto anatutazama tu kama ukuta. Nimechoka! Mtu asiyetaka kusaidiwa unamsaidiaje?

Ngoja. Barua hii naiandika mara ya tatu na kila mara naruka hapa. Miezi mitano iliyopita alikuja kibandani kwangu kutoka shule, akasubiri wateja waondoke, akapandisha mkono wa shati akanionyesha. Akasema, "Kaka, siwezi kuacha." Nikasema, "Mishono mibovu hiyo, ungekuja kwangu mapema." Akatabasamu kidogo, nikadhani nimemaliza kazi. Nikamwambia asimwambie Mama, presha itampanda, nikamshonea mashati mawili ya mikono mirefu, yenye vifungo mpaka kiganjani. Nikamwambia hakuna atakayeona. Na kweli hakuna aliyeona. Mwalimu alipouliza kama hatukujiuliza, nilisema hatukujua.

Ni mimi, Sindano Moja.

JIBU:

Sindano Moja, nusu ya barua yako nilitaka kuichana, kumbe unapiga chenga kwa hofu. Unauliza mtu asiyetaka kusaidiwa anasaidiwaje. Huyu alitaka! Alikuja kwa miguu yake, akasubiri watu waondoke, akakuchagua wewe. Usirudie tena kusema hataki.

Sikusemi ili ukae chini ulie. Uliogopa, ukakimbilia kazi unayoijua. Sasa fanya usiyoijua, tena leo, si Jumamosi. Mwambie: "Ulinionyesha, nikafanya mzaha, kisha nikakusaidia kuficha. Nilikosea." Halafu funga mdomo. Akinyamaza, nyamaza naye. Kichekesho kikikujia, kimeze.

Muulize waziwazi kama anawaza kufa. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo, kunampa nafasi ya kulisema. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata dakika moja, nendeni hospitali saa hiyo hiyo, wateja watasubiri. Akisema hapana, kesho asubuhi bado umpeleke kwa yule daktari. Tarehe imepita, daktari hajapita. Foleni ukapange wewe.

Mama yako naye aambiwe habari ya mashati, na aambiwe na wewe, mbele ya mtoto, maana sasa hivi mtoto anabeba uongo wenu wawili peke yake. Na ukaguzi wa jioni ukome, na viapo vikome. Mtoto anayeapishwa hujifunza kuficha vizuri zaidi. Vitu vyenye makali viondoke nyumbani bila hotuba, na mkasi wako ulale kibandani. Mashati usimnyang'anye, aibu haivuliwi kwa nguvu. Shangazi mwambie hivi: anayetafuta macho ya watu hafungi vifungo mpaka kiganjani.

Hatapona wiki hii. Sonona ni ugonjwa, una dawa na una mazungumzo, na vyote vinachukua muda wake. Huenda akajikata tena kabla ya kupata nafuu, na nyumba nzima itataka kufoka. Siku hiyo akija kwako, simamisha cherehani, umtazame, umwambie, "Umefanya vizuri kuja." Usiongeze neno.