Mlima Niliouyeyusha, Baba

Mpendwa Baba,

Mvua imeanza huku Majengo na maji yanapita mbele ya mlango wetu kama zamani. Nimekaa verandani na cherehani yangu lakini leo sishoni. Kuna jambo sikukuambia kwa mdomo wangu ulipokuwa hai. Nadhani ulilijua, ila kulijua si sawa na kuambiwa na mwanao. Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike, na nimechoka kulibeba.

Niruhusu nianzie mbali kidogo.

Nakumbuka siku uliporudi kutoka kazini, stesheni ya Kiganjo, na sanduku la mbao nyuma ya baiskeli. Uhuru ulikuwa bado mpya. Mzungu mmoja wa Naro Moru alikuwa ameuza shamba, anarudi kwao, na mizigo yake ilipopita stesheni kwako akakuachia lile sanduku. Ndani mlikuwa na treni ndogo ya chuma ya kutiwa ufunguo, mabehewa manne, vipande vya reli, na majarida ya Kiingereza yenye picha za watu wazima waliojijengea milima na stesheni juu ya meza. Ulizipanga reli kwenye sakafu ya jikoni. Mama akawa anaziruka na sufuria, akilalamika kwa Kikuyu, kisha nikamwona amechuchumaa kando yako akiitazama treni ikipita chini ya kiti.

Ulimwambia kwamba ukistaafu utaijenga reli yetu yote, kutoka Sagana mpaka Nanyuki, pamoja na Mlima Kenya wenyewe. Mama akakuuliza mlima utauweka wapi, chumba ni kimoja. Ukacheka. Yeye hakungoja kuuona, alifariki kabla hujastaafu.

Ulipostaafu ulitimiza neno lako. Uliomba mlango wa zamani kutoka nyumba iliyobomolewa karibu na msikiti, ukaulaza juu ya makasha mawili, na nusu ya chumba ikawa reli. Mimi nikahamisha cherehani hapa nje. Mlima wa kwanza uliujenga kwa udongo na samadi, ukapasuka. Wa pili ulikuwa wa magazeti na uji wa unga wa ngano, ukaliwa na panya. Wa tatu ulikuwa wa magunia na saruji, nao ulikuwa mzito hata mlango ukapinda katikati na treni ikawa inateremkia Karatina yenyewe, bila ufunguo. Ulikaa ukaitazama, ukasema, "Hii ingeua watu."

Ndipo ulipotoa jarida moja kati ya yale ya sandukuni na kunionyesha picha ya mtu anayekata kilima kwa kisu kama anayekata mkate. Ulinieleza kwamba ile ni fomu ngumu, mbao nyeupe nyepesi ambazo watu wa Ulaya huzitia ndani ya kuta ili baridi isipite. Mlima wa kitu kile ungeweza kuinuliwa kwa mkono mmoja.

Haukuwa mchezo tena wakati huo. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeanza kukula macho. Daktari alikuwa ameshatuambia wote wawili, mimi na wewe, tumekaa kwenye benchi moja, kwamba jicho la kushoto limekwenda na la kulia litalifuata. Tulirudi nyumbani. Ulikaa kwenye ukingo wa kitanda ukiwa bado na kofia yako kichwani, ukaniambia:

"Rehema, nataka mlima ukamilike kabla ya giza. Nikishaukata kwa mikono yangu nitaweza kuusoma kwa vidole. Nitakuwa natoka Sagana mpaka Nanyuki kila siku."

Nikaanza kuitafuta.

Unakumbuka tulivyocheka kuhusu yule mama wa Karatina? Nilianza na hadiwea, maduka yote ya vifaa vya ujenzi ya Nyeri mjini. Mmoja aliniletea silingi bodi ya kupigia dari, mwingine akaniambia kitu kama hicho labda Nairobi. Nikapanda hadi Karatina siku ya soko, na kila niliyemwuliza fomu alinielekeza kwa wauza magodoro. Mama mmoja alinikamata mkono akaukandamiza kwenye sponji. "Si hii ndiyo fomu? Ati ngumu? Nani analala kwa kitu ngumu?" Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukakohoa.

Duka la redio na televisheni la mjini lilinipa vile vipande vyeupe vinavyokuja ndani ya makatoni. Ulivigusa, ukasema ndicho chenyewe. Lakini vilikuwa vidogo na vyenye mashimo, havikutosha hata kilima cha Karatina. Nilivileta kwa miezi kadhaa, ukavipanga chini ya kitanda. Kila nilipoleta kingine ulikisogeza karibu zaidi na jicho la kulia kuliko kile kilichotangulia. Niliona.

Wachira ndiye aliyetusaidia, yule fundi wa friji wa karibu na soko la Nyeri. Alisikiliza kwa subira, bisibisi mdomoni, kisha akasema, "Hiyo kitu iko ndani ya ukuta ya friji kubwa ya nyama. Lakini nani atakubali tumbomolee ukuta?" Alinihurumia, nadhani, kwa sababu wiki chache baadaye alituma mtu kuniita. Hoteli moja ya zamani ilikuwa inavunja chumba chake cha nyama.

Ulikataa kubaki nyumbani. Ulivaa koti la reli lenye vifungo vya shaba na ukanishika kiwiko njia nzima. Wachira alitutolea mbao tatu pana, zimegeuka manjano kingo, zinanuka mafuta ya zamani. Hakutaka chochote ila nimshonee mfuko wa koti lake. Ulipoweka ubao mmoja kichwani ulisimama katikati ya barabara ya Nyeri, watu wanakupita huku na huku.

"Mama," uliniambia, maana uliniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mama yako, "hiki ni kama kubeba hewa."

Upepo ulitaka kutunyang'anya. Tulirudi Majengo tukienda upande upande, tukicheka kama wezi wa maandazi. Sijawahi kuwa na siku nyingine kama ile.

Kisha ukakata. Miezi mitatu. Ulipasha kipande cha msumeno kwenye jiko, ukakipitisha polepole, moshi wake unawasha pua. Uliniita niweke kidole hapa na pale ili usipoteze mahali. Ulinieleza kila kona: hapa dereva hupunguza mwendo, hapa maji ya mvua huchimba chini ya reli, hapa abiria wa Nanyuki huanza kuvaa masweta. Chembe nyeupe zilishika kila kitu, kofia yako, uji, nguo za wateja wangu. Mteja mmoja alinirudishia gauni la harusi akidhani nimelimwagia chumvi. Nilikuwa nakusikiliza kwa nusu sikio, Baba. Nilikuwa na oda za watu. Nilijua upo, nikadhani nitauliza tena.

Ulipomaliza, mlima ulikuwa mrefu hadi kiunoni mwangu, na vilele vyake viwili vilikuwa mahali pake. Ulipitisha kiganja kutoka Sagana hadi juu na kurudi. Jicho la kulia lilikuwa bado linaona mwanga na rangi, si zaidi. Ulisema kwamba bado rangi tu, na ungependa kuiona rangi hiyo walau mara moja.

Sasa nakuambia.

Ijumaa ile ulipokwenda msikitini, niliamua kukushangaza. Nilikuwa na kopo la rangi ya kijani ya mafuta iliyobaki tulipopaka madirisha. Ilikuwa imekauka, nikaiyeyusha kwa petroli niliyoomba kwa jirani. Mbao zilizokuwa zimeanza kuachana nilizibandika kwa gundi ya fundi viatu. Nilipaka haraka kuanzia chini, upande wa msitu, ili ukirudi swalani ukute mlima wa kijani na kilele cheupe.

Kwanza nilisikia mlio mdogo, kama mafuta yanapoanza kupata moto. Nikadhani ni mvua. Kisha nikaona kijani kinazama. Upande wa Naro Moru ulijikunja kama ngozi iliyoshikwa na moto, ukawa shimo, na shimo likawa linatembea. Nilifuta kwa kitambaa, kitambaa kikang'oa kipande kizima. Nilimwaga maji, hayakusaidia. Pale nilipotia gundi mlima ulipasuka kutoka ndani, na kilele kimoja kikaanguka juu ya reli. Haikuchukua hata muda wa hotuba ya imamu.

Uliporudi ulisimama mlangoni ukauliza harufu ile ni ya nini. Nikakujibu kwamba jirani anapaka mlango wake. Nilikuwa nimeufunika mlima kwa shuka. Nilikuambia nimeufunika kwa ajili ya vumbi.

Siyo jirani, Baba. Ni mimi. Niliharibu kazi ya macho yako ya mwisho kisha nikakudanganya usoni, nikijua huwezi kuniona usoni.

Asubuhi yake nilikuwa nawasha jiko hapa nje nikasikia shuka likivutwa. Niliingia. Ulikuwa umeweka mkono ndani ya lile shimo, hadi kwenye kifundo cha mkono, na ulikuwa unatafuta ukingo wake kwa vidole, taratibu, kama unavyopapasa mfuko wa mtu mwingine.

"Hapa palikuwa Naro Moru?" uliuliza.

"Ndiyo, Baba."

Ulitoa mkono, ukapangusa chembe nyeupe vidoleni. Kisha ukasema, "Jarida lilikataza mafuta. Ni mimi sikukusomea." Ukaomba chai.

Hivyo tu. Laiti ungenipiga. Laiti ungeniuliza kuhusu mlango wa jirani. Ulichukua kosa langu ukalivaa kama lile koti lako la reli, ukanywa chai, na hukuigusa tena ile meza mpaka siku zako zikaisha.

Nilitafuta tena, unajua. Nilimrudia Wachira mpaka akawa anatikisa kichwa akiniona kwa mbali. Nilikwenda Karatina, nikaenda Nanyuki, nikaomba kwenye mabucha na kwenye stoo za hospitali. Nilirudi na kifuniko cha sanduku la chanjo, nikakiweka mapajani pako. Ulikishika ukasema ahsante, ukanirudishia. Mwezi ule jicho la kulia lilizima. Ukawa unakaa hapa verandani umeelekeza uso upande wa Kiganjo, na mimi nikawa nashona nyuma yako. Nilitaka nikuombe uniambie tena zile kona, lakini kukuuliza kungekuwa kuutaja mlima, na nilikuwa sina mdomo wa kuutaja. Asubuhi uliyotutoka nilidhani umelala. Tulikuzika kabla ya alasiri.

Wiki iliyopita nilipita mahali wanapojenga stoo mpya ya maziwa. Lori lilikuwa linapakua fomu ngumu. Baba, zilikuwa nyingi hata wenye kazi walikuwa wamezikalia wakila. Nyeupe pe, hazijatumika, ndefu kunishinda. Nilisimama pale mpaka msimamizi akaja kuniuliza natafuta nani. Nikamwomba iliyovunjika. Akanipa nzima, hata hakuuliza ya nini.

Niliileta nyumbani nikailaza juu ya mlango wako. Nilipasha kipande cha msumeno. Kisha nikasimama nacho kikiwa chekundu mkononi, nikagundua sijui pa kuanzia. Mlima nauona kila asubuhi kukiwa hakuna wingu, lakini reli siijui. Sijui inapinda mara ngapi kabla ya Karatina. Sijui ni wapi abiria huanza kuvaa masweta. Ulinieleza kila mahali, kidole changu kikiwa pale pale, na sikubaki na hata kona moja.

Nikaenda Kiganjo kuuliza. Abiria hawapandi tena pale, na nyasi zimefika juu ya magoti. Kijana aliyekuwa kwenye ofisi ya mizigo alikuwa mpole, lakini yeye ametoka magharibi, hata jina lako hajalisikia. Nilimwuliza wazee wa zamani wako wapi. Akaniambia, "Mama, hao waliisha."

Jana mke wa jirani alikuja kuchukua sare za watoto, akauona ule ubao umeegemea ukuta. Ana vifaranga vinavyokufa kwa baridi, na mtu amemwambia kitu kile huzuia baridi. Aliuliza kama nina kazi nacho. Nikamwambia hapana, achukue. Aliupitisha mlangoni peke yake, kwa mkono mmoja, na baadaye nikamsikia akiukata kwa panga.

Pumzika, Baba. Siombi unijibu, na msamaha ulishanipa kabla sijauomba, ndiyo maana haunitoshi.

Ni mimi binti yako,
Rehema