Wangare, Aliyelinda Mlango wa Mtoto

Mwaka mmoja umetimia, Wangare, tangu presha ikuangushe kwenye shamba la viazi hapa Kabazi. Julai imerudi na baridi yake, na watoto wameanza kukohoa tena.

Miaka kumi na minne ulikuwa mhudumu wetu wa afya ya jamii. Ukiingia kwenye nyumba yenye mtoto mchanga hukuketi kwanza. Ulimfunua kifua, ukatazama saa yako ya mkononi, ukahesabu pumzi dakika nzima; zikifika sitini, ulisema, ni hospitali. Hata chai ilikungoja.

Mkaza mwanao Abby alipojifungua, ulisimama mlangoni kama askari wa geti. "Wewe uko na homa? Mtoto utamwona kwa dirisha," ulimwambia hata dada yako Wachuka, naye akanuna wiki nzima. Mtoto alipewa jina lako, kama ilivyo desturi yetu.

Ulituacha akiwa na wiki sita.

Siku ya mazishi mlango haukuwa na mtu. Kila aliyekulilia alitaka kumshika mwenye jina lako. "Hebu nimbebe huyu Wangare wetu. Hii ni homa ndogo tu," walisema, wakimbusu na kumpokezana. Abby aliyaona yale mafua. Aliyakumbuka maneno yako, lakini akaona haya kumnyima mtu mwenye machozi mtoto. Tulimwona akisita, tukanyamaza.

Siku ya nne mtoto alikataa kunyonya. Ya tano, mbavu zilibonyea kila alipovuta pumzi. Abby alichukua saa yako akahesabu: sabini na nane. Mwanao Mwaura alimkimbiza hospitalini Nakuru, akawekewa oksijeni. Daktari alisema ni kirusi cha mapafu, kile ambacho kwa mtu mzima ni mafua tu.

Majuto ni mjukuu. Wetu tulimzika kando yako kabla maua yako hayajanyauka. Utusamehe, mama.

Leo asubuhi jirani yetu Emmy alikuja na mtoto wake wa miezi miwili, kifua kinakoroma. "Si ni baridi tu?" aliuliza. Abby hakumkaribisha kiti. Alimfunua mtoto, akatazama saa yako, akaanza kuhesabu. Alifika sitini kabla dakika haijaisha.

Jumamosi tutawaombea kaburini. Mwenye kikohozi atuombee akiwa kwake.

Mnakumbukwa na mumeo Ngigi, mwanao Mwaura, dada yako Wachuka, na Abby, ambaye hayupo tunapoandika haya kwa kuwa yuko hospitalini na Emmy, saa yako mkononi.

Daima tutawakumbuka, Wangare wetu wawili.