Gari Lako Halikuwa na Kosa

Mama Neema, mke wangu,

Wiki mbili zilizopita mwanao alinipigia simu kutoka Dodoma, akaniuliza swali ambalo angekuuliza wewe kama ungekuwepo. Anataka kununua gari kubwa la kupita porini, la petroli, kuukuu lakini zima, kwa ajili ya kazi yake ya kuzunguka vijijini. "Baba," akasema, "lile la mama lilikuwa linakula mafuta kiasi gani?"

Unanijua nikiulizwa swali lenye jibu la namba. Nikavua miwani, nikakaa vizuri. Nikamwambia kilomita nne kwa lita moja kwenye lami, tena ukiendesha kwa adabu. Nikamweleza habari za kabureta, na plagi sita badala ya nne, na tairi moja la gari lile lililokuwa na bei ya matairi matatu ya gari dogo. Nilipofika kwenye dumu la akiba nikanyamaza. Neema akadhani simu imekatika, akaita halo, halo.

Simu haikukatika. Mimi ndiye niliyekwama. Kuna jambo kuhusu gari lile na siku ya mazishi ya mama yako ambalo sikukwambia miaka yote tuliyoishi pamoja. Mdogo wako Masanja alikukasirikia kwa ajili ya siku ile mpaka nawe ukazikwa, na mimi nilikuwa na maneno ya kumaliza ugomvi huo, nikayakalia. Huu ni mwaka wa tatu tangu uondoke. Nakuandikia hadharani kwa sababu mliumbuliwa hadharani, wewe na gari lako.

Nianze na gari, maana najua ungependa nianze nalo.

Ulilinunua mnadani, mradi wa maji wa Wazungu ulipofunga virago. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu mjini ana duka au anatafuta fremu, na viwanda vya minofu ya sangara vinaota ufukweni mwa ziwa kimoja baada ya kingine. Wewe ulikuwa umeacha vitenge sokoni Mkuyuni ukaingia kwenye mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara ambavyo sisi tulipokuwa tunakua vilitupiwa ndege. Sasa vilikuwa vinakaushwa na kusafirishwa nje ya nchi, na wewe ulivifuata kwenye kila mwalo, kila ufukwe wa kushushia samaki, wa upande wa Sengerema ambako wanunuzi wenye pikapu walikuwa hawafiki. Ndiyo maana ulitaka gari lenye miguu mirefu.

Nakumbuka ulivyoliingiza uani kwetu Butimba. Walimu wenzangu wote walitoka nje. Kwenye mlango wa gari kulikuwa bado na kivuli cha maandishi yaliyobanduliwa. Ulishuka, ukapiga boneti kwa kiganja, ukaniambia, "Mwalimu, mkaribishe mgeni." Nikakuuliza linakula kiasi gani. Ukacheka sana. "Watu wote wanauliza linakwenda wapi, wewe unauliza linakula nini!"

Geji ya mafuta ilikuwa imekufa. Nikachonga kijiti cha mpera, nikakitia alama kwa kisu, lita kumi kumi, na kila ulipotoka nilipima, uliporudi nilipima. Nilikuwa nafundisha hesabu chuoni, na kwa mara ya kwanza hesabu zangu zilikuwa na injini. Nilikwambia kwamba ukikanyaga sana linakula zaidi, kwamba upepo ukipungua kwenye matairi linakula zaidi, kwamba kabureta ikichafuka linakunywa kama limetoka jangwani. Uliyasikiliza ya matairi, mengine ukayaacha. Siku ile nilipoweka frii kwenye mteremko, nikaacha gari liserereke lenyewe ili kuokoa petroli, ulinipiga mkono. "Gari langu si baiskeli," ukasema. "Weka gia."

Nilikuwa na wivu, sasa naweza kulisema. Mshahara wa mwalimu haukuweza kulilisha gari lile hata wiki moja. Wewe ulililisha, ukatulisha na sisi, na bado ukawapakia kina mama wa kwaya kwenda harusini bila kumtoza mtu. Sikuwa na neno la kusema juu ya fedha zako, kwa hiyo nikawa msemaji wa mafuta.

Na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa dumu. Lita ishirini, limejaa, limefungwa kwa mpira nyuma ya kiti, siku zote. Hukutoka Butimba bila dumu lile hata kama unakwenda mjini kununua unga. Ndugu zako kijijini walikutania kwa ajili yake, Masanja alikuwa akisema dada atasahau viatu lakini hatasahau dumu. Mimi nililiita lita ishirini zinazolala bure. Nilikuonesha kwenye karatasi kwamba uzito wake peke yake unakula mafuta, kwamba mengine yanapotea kwa mvuke, kwamba mtu anayejua hesabu ya safari yake hahitaji akiba. Ulikunja karatasi ile ukawashia mkaa.

Kisha mama yako akafariki. Tulisikia redioni, kwenye matangazo ya vifo ya jioni, jina lake likisomwa na mtu asiyemjua, halafu lako na la Masanja, na kwamba mazishi ni kesho saa nane mchana. Ulikuwa unachambua mchele. Ulimaliza kuchambua sinia lote ndipo ukalia.

Asubuhi ulinipa fedha. "Jaza tenki, jaza na dumu. Leo endesha wewe." Ilikuwa masika.

Nilikwenda sheli. Nikapima kwa kijiti. Nikapiga hesabu ya kwenda na kurudi, nikaongeza kidogo, nikatia kiasi hicho na si zaidi. Dumu sikuwa nalo. Kabla ya kuondoka nyumbani nilikuwa nimelimimina kwenye tenki, nikalishusha tupu, nikaliweka stoo nyuma ya gunia la mpunga. Siku chache kabla ya hapo ulikuwa umenicheka mbele ya wageni kwa ajili ya kijiti changu, na mimi nilitaka jioni, tukirudi, nikwambie kwa upole, unaona, tumekwenda na kurudi bila dumu. Siku ya mazishi ya mama yako, mke wangu, mimi nilikuwa na mabishano kichwani ambayo nilitaka kushinda.

Mpaka Kigongo hesabu ilikwenda sawa. Tukavuka kwa pantoni, tukashuka Busisi, umekaa umejifunga kitenge kichwani. Tulipoacha barabara kubwa baada ya Sengerema, nikakutana na kitu ambacho hakikuwa kwenye kijiti. Kijiti kilinipa wastani wa safari zako zote, lami na vumbi pamoja. Sikuwahi kuliendesha njia ile wakati wa mvua, wewe ndiye uliyekuwa unaendesha. Udongo ule mweusi ulishika magurudumu kama ugali wa moto. Nikaingiza gia nzito, magurudumu yote manne yanavuta, injini inanguruma na sisi hatuendi popote. Lori lilikuwa limelala katikati ya njia, tukazunguka shambani, tukarudi nyuma, tukazunguka tena. Siku ile sidhani kama lita moja ilitupeleka hata kilomita mbili. Nililijua hilo mapema kabla yako. Niliendelea kukanyaga, natumaini.

Lilizimika saa saba kasoro. Wewe hukushtuka hata kidogo. Ulishuka ukaenda nyuma, ukafungua mlango, ukafunua turubai. Nakumbuka mgongo wako ulivyosimama pale.

"Mwalimu, dumu liko wapi?"

Nilikuwa na nafasi. Kulikuwa na sekunde tatu au nne nzima za kusema ukweli. Nikasema, "Sijui. Labda wameliiba kule kwenye foleni ya pantoni."

Uliwalaani watu wa pantoni, watu ambao hawakukukosea kitu. Kisha ukavua viatu, ukapandisha kitenge, ukaniambia nibaki na gari, ukaondoka kwa miguu. Nilikutazama mpaka ulipopotea kwenye kona ya mihogo.

Yaliyotokea huko nililetewa na wewe mwenyewe, kipande kipande, kwa miaka mingi. Kwamba walikungoja mpaka saa kumi, kwa sababu wewe ndiye kifungua mimba na mkono wako ndio uliotakiwa kutupa udongo wa kwanza. Kwamba mvua ilipokusanyika tena wazee wakaamua azikwe. Kwamba ulifika kaburi limeshafunikwa, una matope mpaka magotini. Na kwamba Masanja alikutazama akasema mbele ya watu wote, "Umemaliza kukusanya mabondo?"

Ulimwambia mafuta yaliisha. Wewe, uishiwe mafuta? Mtu wa dumu? Ukasema dumu limeibwa, na hapo hata shangazi zako wakatazama chini. Nguo zako zilikuwa na harufu ya mwaloni, kama siku zote. Wote waliamini ulipitia mwaloni kwanza. Ukweli wako ulionekana uongo kwa sababu uongo wangu ulikuwa ndani yake.

Mwaka ule ule uliuza gari. Ulisema limekutenga na ndugu zako na hutaki kulisikia likinguruma uani kwako. Mnunuzi alipouliza linakula kiasi gani, ulininyooshea kidole, ukasema, "Muulize huyu, ndiye anayejua." Nikamjibu yule mtu. Dumu nilikuwa nimeshaligawa kwa mwangalizi wa shamba la chuo, usije ukalikuta stoo.

Baada ya hapo wewe na Masanja mlibaki na salamu tu. Hakula nyumbani kwako, hukulala kwake. Siku tuliyokuzika alikuja, akatupa udongo wake, akaondoka kabla ya chakula. Nilimwona akienda. Hata siku ile nilinyamaza, na huko ndiko kunyamaza ninakokuonea aibu kuliko kote, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa na hofu ya kukupoteza, na mara hii sikuwa tena na cha kupoteza.

Sasa unajua kwa nini nilimnyamazia Neema. Kesho yake nilimpigia nikamwambia yote kama nilivyokuandikia hapa. Hakunigombeza. Alisema, "Baba, mimi si wa kuambiwa. Kamwambie mjomba."

Nikaenda. Siku hizi kuna daraja, mama Neema. Basi halisimami, unatazama maji dirishani na kabla hujamaliza kutazama uko Busisi. Njia ya kwenu imemwagwa kifusi. Nilifika kabla ya saa nne, na mkoba mkononi, bado sijapanga maneno.

Masanja alikuwa anatengeneza ua wa ng'ombe. Amezeeka, amebaki mifupa, lakini panga bado analitupa vizuri. "Shikamoo shemeji," akasema, kwa ubaridi wake ule ule. Nikaitikia. Nikakataa kiti. Nikamwambia nimesimama kwa sababu niliyokuja kuyasema hayasemwi mtu amekaa, nikayasema.

Nilipomaliza aliuliza, "Mliondoka Butimba saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

"Hamkupita mwaloni?"

"Hatukupita popote."

Akaweka panga chini. Akatazama upande wa njia, ile ya mihogo, kama mtu anayesubiri kuona kitu. "Kwa hiyo alikuwa njiani," akasema. "Sisi tunamfukia mama, na dada anakuja."

Alilia kwa sauti, mzee mzima, na mimi sikujua kama naruhusiwa kumshika bega, sikumshika. Alipotulia alinikasirikia, kama ilivyo haki yake. Aliniuliza kwa nini sikusema tukiwa tumesimama kaburini kwako. Akasema hataniambia amenisamehe kwa sababu bado hajui, na kwamba kuna kazi sijaimaliza. Akawaita wote waliokuwa nyumbani, mkewe, wanawe, wake zao, mpaka wale wadogo ambao wewe hukuwahi kuwabeba. "Dada alifedheheshwa mbele ya watu," akaniambia. "Rudia mbele ya watu. Tangu mwanzo, na usiruke lile la stoo."

Nikarudia. Nililisema la kijiti na la stoo, nikalisema la pantoni. Watoto walinitazama kama walivyokuwa wakinitazama wanafunzi nilipokosea ubaoni. Nilipomaliza, mtoto mmoja wa kike, kama miaka sita hivi, akamuuliza Masanja huyo mama Neema ni nani. Nikagundua hawamjui. Kwa miaka yote jina lako halikutajwa katika ua ule.

Masanja akampakata. Akamwambia, "Ni dada yangu mkubwa. Siku tuliyomzika mama yetu, gari lilikwama, akaja kwa miguu kwenye matope mpaka hapa."

Mtoto akauliza, "Akafika?"

"Alifika," Masanja akasema. "Sisi ndio hatukumpokea."

Pumzika, mke wangu.

Mumeo,
Baba Neema