Viti vya Ofisi ya Mizigo

Jumatatu, 1 Machi 1954

Direkta amerudi kutoka likizo ya Ulaya na elimu mpya: kukaa kunaua! Karani akaaye kutwa, damu yake hulala. Kuanzia kesho tutaandika tumesimama. Seremala atarefusha miguu ya meza. Zéphirin, karani mwenzangu, akaninong'oneza: "Papa Léonard, kila Muzungu akiingia tunasimamaka. Kama iko dawa, siye tulisha kupona zamani!" Nilimkanya. Lakini ni kweli.

Jumanne, 2 Machi

Viti vimeondolewa. Vimepelekwa klabu ya Wazungu, kwa ajili ya sinema — huko, yaonekana, damu hailali. Cha Direkta kimebaki. Kazi yake ni kufikiri.

Changu nilipewa mwaka 1938, baada ya ujana mzima wa kuandika wima. Nilikuwa nikikipaka nta mwenyewe.

Alhamisi, 4 Machi

Alimasi, fundi cherehani, alikuja kuchukua mzigo wake wa vitambaa. Akanikuta nimesimama dirishani. "Baba karani! Kiti iko wapi? Bamekushusha? Uko planton, mutumishi ya ku mulango, sasa?" Nikamjibu: ni afya. "Afya!" Akacheka mpaka akashika ukuta. Sikumsahihisha upatanisho wa ngeli, jambo lilikuwa zito kupita sarufi. Kesho cité nzima, mtaa wetu Waafrika, itajua.

Ijumaa, 5 Machi

Miguu imevimba. Virginie, mke wangu, ameitia katika maji ya chumvi. Ataka nikaombe kiti. Sitaomba! Nilikwisha kupewa.

Jumatatu, 8 Machi

Daktari wa kampuni amekuja kukagua afya yetu. Direkta akaniita ofisini mwake: karani mzee, mfano bora! Daktari akaona viatu vyangu visivyofungika. "Papa, kaa. Nione miguu." Nikatazama huku na huku. Kiti kimoja tu — kile cha ngozi, nyuma ya meza kubwa. Direkta akasema sakafu ni safi. "Ku kiti," akasema daktari.

Nikakaa.

Ameagiza nisiinuke mpaka arudi na dawa. Naandika haya nikiwa bado kitini. Ni laini mno. Direkta ameingia mara mbili kuuliza kama bado. Nimemjibu kwa adabu kwamba amri ni ya daktari. Sasa yuko koridoni. Nasikia anamwuliza Zéphirin kama hakuna hata sanduku la kukalia —