Hapa ni kwa Kanjo

Umoja, Jumapili, Julai 1996

Baridi ya leo haina adabu. Nimekunywa chai vikombe vitatu na vidole bado vimekufa ganzi. Redio nimeiwasha ili nyumba iwe na sauti ya mtu.

Jana mchana nilienda kutazama mchezo wa kuigiza katika ukumbi wa mtaa, Shauri Moyo, kwenye nyumba za kanjo, baraza la jiji, nilikozaliwa. Nilinunua tiketi mbili. Sijui ya pili nilimnunulia nani.

Mchezo ulihusu msichana anayetafuta kitambulisho. Karani wa serikali anamuuliza, huku akijichokonoa meno, "Kwenu ni wapi?"

"Hapa Shauri Moyo."

"Hapa si kwenu. Hapa ni kwa kanjo. Kwenu ni wapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama aliyeketi kando yangu akanipiga paja bila hata kunitazama. "Aki huyu ni yule karani wa ofisi yetu! Hivyo hivyo!"

Karani wa ofisi yao ni mimi.

Maneno yale ni yangu, neno kwa neno, nimewaambia wengi. Jumanne nilimwambia Rosa, msichana anayeshona nguo sokoni Gikomba, kisha nikaitupa fomu yake kwenye droo. Nilitaka barua ya chifu wa kwao, kwao ambako hajawahi kukanyaga. Kuna kiwanda kimemwekea kazi mpaka Ijumaa hii, na bila kitambulisho hawamchukui. Aliniambia hayo yote. Nami nilijiona mcheshi.

Yule mwigizaji wa karani akashuka jukwaani na muhuri aliouchonga kwa kiazi, akawa anauliza watazamaji mmoja mmoja. "Kakamega!" "Kitui!" "Kwetu ni Kayole, bwana!" Akanifikia.

"Na wewe, madam? Kwenu ni wapi?"

Niliinama, nikaanza kupekua mkoba kana kwamba jibu limo humo. Baba alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli. Tulipomzika kule kwao, baba zangu wadogo waligawana shamba, na tangu hapo hakuna aliyeniuliza nitaenda lini. Nyumba ya Shauri Moyo ilirudi kwa kanjo. Hapa Umoja mwenye nyumba huniita Namba Saba.

"Fomu haijajaa! Rudi kesho!" Akanigonga muhuri kiganjani. Watu walicheka hadi machozi. Nami nilicheka, ningefanya nini?

Nilirudi nyumbani nimekunja ngumi, wino usionekane. Nilitamani kumsimulia mtu.

Mimi ni mpweke. Sijawahi kuliandika neno hilo hapa.

Wino nimeusugua kwa sabuni ya kipande, umefifia tu. Kesho nikifika kazini, kabla sijavua koti, nitaitoa fomu ya Rosa kwenye droo. Pale panapouliza kwao ni wapi nitapaacha alivyoandika mwenyewe, Shauri Moyo, kisha nigonge muhuri. Mkubwa akiniuliza barua ya chifu iko wapi, nitamwambia haina haja, huyu msichana namjua.

Nitamwambia ni wa kwetu.