Bomba Pana la Shemeji

Jumanne, 4 Machi
“Injini ndogo si dhaifu, imebanwa pumzi tu. Ipanulie bomba, itapaa.” Shemeji huyo, mume wa dada, leo kwenye kundi la familia. Wajomba wakammiminia makofi. Upuuzi mtupu! Injini ya lita moja ina kifua cha lita moja — kila mizunguko miwili inavuta kiasi hicho tu, hata uipe bomba la kupitisha ng'ombe. Bomba pana linasaidia injini ikizunguka kasi. Ikizunguka polepole, hewa inazubaa njiani, na torki — ule msukumo wa kulikwamua gari mlimani — inapungua. Nimemwandikia yote haya. Kajibu: shem, endelea na vitabu vyako.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeduwaa. Amefanya kweli. Tena gari lile lile la kumpeleka dada kujifungua, na hospitali iko juu ya mlima! Chujio la hewa limeng'olewa. Mahali pake bomba nene kama paja, linanyonya hewa ya moto chini ya boneti. Ekzosi nayo, bomba la moshi, imepanuliwa. Akaliwasha, vioo vya madirisha vikatetemeka. “Unasikia nguvu hiyo?” Nikamwambia nasikia kelele. Nikamgeukia dada aniunge mkono. Anacheka, mkono tumboni. Eti mumewe kahangaika kwa ajili yake, nimwache. Dada yangu mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi
Katuma video. Barabara tambarare, gari linachanja mbuga. Kwa kasi hiyo limepata nguvu kweli, sikatai. Nikauliza: na mlimani? Kanitumia tena video ile ile.

Jumapili, 9 Machi
Uchungu umemshika dada asubuhi. Naandika juu ya goti, siti ya nyuma, kaniegemea. Katikati ya mlima lori lilituzibia njia, tukasimama. Kuondoka tena — gari likatetema, likazima. Tena. Tena. Akikanyaga mafuta kidogo, linazima. Akikanyaga sana, linanguruma, klachi inanuka, tunarudi nyuma. Nimeshuka nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Nilijua litashindwa. Sikujua kwamba kuwa sahihi kunatisha hivi.
“Linapumua vizuri tu,” shemeji anarudia, jasho linamtiririka.
Dada, meno yameumana: “Mume wangu, na mtoto naye anataka kupumua.”
Nawaandikia kundini: wajomba mliopiga makofi, hatutaki pole zenu za kwenye simu. Mwenye gari asilolichokonoa aje nalo, sasa hivi. Na wewe shemeji hapo mbele, toa mguu kwenye mafuta. Shuka. Simama barabarani, usimamishe gari la mtu.